NASAHA ZA NYUMBANI: Vyumba vya Meli kwa Aila Kubwa



Mwezi huu tumeletewa barua na ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa visiwani, ambaye sasa akaa Uingereza pamoja na aila yake. Atuarifu kuwa wakati wa likizo ya skuli, mwezi wa Agosti, apenda kuwapeleka watoto wake matembezi ya baharini ya siku saba. Meli yatoka bandari ya Southampton na kwenda Norwei, kutazama zile ghuba nyembamba zilizozungukwa na milima. Yeye ana mke, binti wa miaka 14, mvulana wa miaka 11 na mwingine wa miaka 6, na mama yake mzazi, ambaye ni mtu mzima na magoti yamsumbua. Amekwisha ona chumba kimoja kizuri chenye roshani, kichukuacho watu watano. Watu wa sita hapana mahali. Basi atuuliza, je, kuna ubaya akimwacha mama kwa majirani kwa juma moja, kwa kuwa fedha haitoshi kukodi kingine?

Ndugu yetu, kabla hatujakujibu kwa hukumu, twapenda tukujibu kwa hesabu. Huenda hesabu peke yake ikatosha.

Yafaa kwanza kujua jinsi nauli za meli hizi zinavyopangwa. Bei itangazwayo ni ya mtu mmoja, kwa kukadiria kuwa chumba kina watu wawili. Watu wawili wa kwanza hulipa nauli kamili, na wa tatu na wa nne aghalabu hulipa pungufu. Vyumba vyenyewe ni vya namna nne. Kipo cha ndani, kisicho na dirisha. Kipo chenye dirisha. Kipo chenye roshani. Na vipo vile vikubwa vya matajiri, vyenye sebule yake. Cha ndani ndicho rahisi kuliko vyote.

Na tufanye mfano wetu wenyewe, ambao si bei ya kampuni yo yote. Tuseme chumba chenye roshani nauli yake kamili ni pauni 900, na ya pungufu ni 450. Watu watano katika chumba hicho watalipa mara mbili 900 na mara tatu 450, jumla pauni 3,150. Sasa tuseme chumba cha ndani nauli yake kamili ni 600 na ya pungufu 300. Ukichukua vyumba viwili, watu watatu katika kila kimoja, kila chumba kitakuwa pauni 1,500, na vyote viwili 3,000. Hata ukiongeza ushuru wa bandari, ambao hutozwa kwa kila kichwa, tuseme pauni 40, utaona watano wamefika 3,350 na sita wamefika 3,240.

Maana yake nini? Maana yake ni kuwa katika mfano huu kumchukua mama ni rahisi kuliko kumwacha. Kilichomwondoa mama safarini ni roshani, wala si uchache wa fedha. Twakuomba ukae na wakala wako, uandike hesabu hizo mbili katika karatasi moja kwa bei za meli yako mwenyewe, ndipo uamue.

Liko na jambo la pili, nalo twaliona kubwa zaidi ya fedha. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha tuwatenganishe watoto malazini wafikapo umri wa miaka kumi. Wewe una binti wa miaka 14 na mvulana wa miaka 11. Katika chumba cha watu watano, chenye nafasi ndogo, binti huyo atavaa wapi? Atalala vipi kwa utulivu? Watu wengi husema, "Ni siku saba tu." Lakini haya huvunjika hata kwa usiku mmoja, na binti wa umri huo huona aibu ambayo hatakwambia.

Kwa hiyo twashauri hivi: chumba kimoja wakae bibi, mama na binti, na chumba cha pili akae baba na wavulana wake wawili. Kila chumba kitakuwa na vitanda viwili vya chini na kimoja cha juu chenye ngazi. Vya chini ni vya bibi na mama upande mmoja, na vya baba na mtoto mdogo upande wa pili; vya juu wapande binti na kaka yake, nao watafurahi. Kitanda cha juu si mahali pa mtoto wa miaka sita wala pa mwenye magoti mabovu. Na mjue kuwa kwa namna nauli zilivyopangwa, kuwagawa watatu kwa watatu au wanne kwa wawili mara nyingi huwa ni bei moja. Rudi katika mfano wetu: chumba cha wanne ni 1,800 na cha wawili ni 1,200, jumla ni 3,000 ile ile. Basi gawanyeni kwa kufuata haya na heshima, kwani mfuko haukuzuilieni.

Ulizeni vyumba viwili vyenye mlango wa ndani baina yao. Milango hiyo ipo katika meli nyingi, ila vyumba vyake ni vichache na huchukuliwa mapema. Msipovipata, chukueni vinavyopakana au vinavyotazamana. Wala msiingie katika ile bei ya chini kabisa ambayo kampuni ndiyo itakayowachagulieni chumba mwishoni. Bei hiyo yamfaa kijana aliye peke yake. Wenye aila wanaweza kujikuta chumba kimoja kipo omo na kingine kipo tezi.

Tena msidharau chumba cha ndani kwa kuwa ni cha bei ndogo. Meli iendapo mrama, mahali patulivu kuliko pote ni katikati ya meli, sitaha za chini. Na huko ndiko viliko vyumba vingi vya ndani. Mwenye kulipa sana ili akae juu kabisa au mbele kabisa ndiye atakayelewa bahari zaidi. Kwa ajili ya bibi, tafuteni karibu na lifti, lakini si ubavuni pake hasa. Halafu tazameni ramani ya meli, mjue juu yenu na chini yenu pana nini. Chumba kilicho chini ya ukumbi wa ngoma, au karibu na mahali pa ulevi na kamari, kwa kawaida hakina usingizi mpaka usiku mkubwa.

Wengine wataona ajabu kuwa hawaruhusiwi kubanana sita katika chumba cha wanne, kama tubananavyo nyumbani siku za Idi. Sababu yake ni nzito. Kutoka bandari hiyo hiyo ya Southampton iliondoka Titanic, tarehe 10 Aprili 1912. Mashua zake za kuokolea zilikuwa na nafasi za watu 1,178, hali melini wamo zaidi ya 2,200. Baada ya msiba ule mataifa yalikutana London na kuandika mkataba wa usalama wa baharini mwaka 1914. Tangu hapo idadi ya watu melini haikupimwa tena kwa vitanda peke yake. Meli kubwa Icon of the Seas, iliyoanza kuchukua abiria Miami Januari 2024, ina vyumba 2,805. Kwa wawili wawili ni watu 5,610, lakini yaweza kuchukua hadi 7,600. Hao wa zaidi ni wa tatu na wa nne, khasa watoto. Hawawi wanne katika kila chumba, na ndiyo maana vyumba vya watu wengi huisha mapema kuliko vingine. Mwenye aila kubwa na awahi.

Sala haiachwi kwa sababu ya bahari. Chumba cha ndani huwa na mita za mraba kama 13 hadi 17. Kunja kiti, sogeza sanduku, na mswala utatosha. Kutoka Norwei kibla kipo kusini-mashariki, nayo meli hugeuka, basi tazama dira kabla ya kila sala. Tena chumba hakina dirisha, alfajiri hutaiona. Na saa ya Norwei iko mbele ya Uingereza kwa saa moja. Chukueni ratiba ya sala ya kila bandari, na saa ya kuwaamsheni. Chakula kimo ndani ya nauli, lakini ulizeni habari ya nyama ya halali siku ya kuandikisha, msingoje siku ya kupanda. Ulizeni pia bakhshishi ya watumishi: kampuni nyingine huiingiza katika nauli, na nyingine huitoza kila siku kwa kila mtu, na kwa watu sita huwa fedha nyingi.

Jambo moja usilisahau: pasi ya mama. Ikiwa yeye yungali na pasi ya Tanzania, Norwei imo katika nchi za Schengen, naye atahitaji viza yake, pamoja na ruhusa ya kurudi Uingereza. Hakikisha hilo kabla hujatoa arbuni, maana arbuni kwa kawaida hairudi. Na zilizobaki ulipe kidogo kidogo kwa fedha uliyo nayo. Usichukue mkopo wa riba kwa ajili ya matembezi; afadhali mngoje mwaka mwingine, au mwende siku chache.

Tumalizie kwa kisa chetu. Tulipokuwa na umri wa miaka minane tulivuka kutoka Pemba kwenda Unguja kwa meli ya usiku. Fedha ya baba ilitosha vitanda vya watoto tu, na mama akalala juu, sitahani, juu ya mkeka. Asubuhi tulimkuta kanga yake imerowa kwa umande na maji ya bahari. Alicheka, akatuuliza kama tumelala vyema. Baba hakuwa na njia nyingine, Mwenyezi Mungu amrehemu. Lakini katika maisha yetu hatujasahau kanga ile, na kila tupandapo meli twaikumbuka.

Wewe, ndugu yetu, njia unayo. Watoto wako watasahau kama chumba kilikuwa na roshani au hakikuwa nayo. Hawatasahau kama bibi yao alikuwapo. Mpeleke mama juu sitahani asubuhi, mtafutie kiti penye jua, na milima ya Norwei ataiona bure kama waionavyo wenye roshani.

Mwenyezi Mungu awape wasafiri wetu salama ya kwenda na kurudi, Amin. Wassalaam.