Picha ya Kitabu si Kitabu

Jamani, tuache kushangilia kila maktaba inapotangaza kuwa imepiga picha kurasa zake. Hiyo ni nusu ya kazi, tena ile nusu rahisi.

Chukua miswada ya Kiswahili iliyoko SOAS, London. Mingi ni tenzi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Baadhi imewekwa mtandaoni, lakini kwa tarakilishi ile ni picha tu. Tafuta neno moja ndani ya utenzi uone kama utalipata!

Project Gutenberg, iliyoanzishwa na Michael Hart mwaka 1971, ilijua taabu ya kuchapa kitabu kizima. Mwaka 2000 ukaja Distributed Proofreaders: unapewa ukurasa mmoja, picha huku, maandishi kule, unasahihisha, mwenzako anakagua. Zaidi ya vitabu 40,000 vimepita hapo. Programu yake ni huria, kwa hivyo sisi waandishi wa programu hatuna kisingizio.

Lakini uhaba si wa programu, ni wa wasomaji. Wanaoisoma hati hiyo bila kukwama ni wachache, wengi wao wazee wa Lamu na Mombasa. Hawahitaji kozi ya kompyuta. Wanahitaji ukurasa mmoja kwa siku, na kijana wa kuwachapia wanaposoma.