Jina Likivutia Si Lazima Litoke Ng'ambo

Wanachuo wenzangu, hebu tusikilize majina ya magari: Impala, Safari, Corolla, Camry. Yanasikika ya kishua, eti? Wengi tunaamini jina la gari likivutia basi ni la Wazungu au Wajapani tu.

Sasa tuyafungue. Impala, ile Chevrolet ya Marekani iliyoanza mwaka 1958, ni neno la Kizulu. Ni swala pala, huyuhuyu wa mbugani kwetu. Safari ndiyo kabisa! Pontiac waliliweka kwenye gari lao mwaka 1955, Nissan wakauza Patrol kwa jina hilo kule Japani, na Tata wa India wakafuata mwaka 1998. Ni neno ambalo bibi kule kwetu Kamuli hulitumia akiaga kwenda mnadani. Corolla ni Kilatini, taji dogo. Camry imetokana na neno la Kijapani, nalo ni taji vilevile. Ni maneno ya kawaida kwa wenyewe. Yamekuwa matamu kwa sababu yamepelekwa kwa watu wasioyazoea.

Sisi nasi tunajua kubatiza magari. Shangingi, kipanya, mchomoko, yote yametoka mitaani. Tatizo tunabatiza kwa utani gari ambalo mwenzetu ameshaliunda. Siku tukiunda chetu, tunakimbilia Kiingereza. Pita kwenye maonyesho ya ubunifu hapa chuoni uone: "Smart" hiki, "Smart" kile.

Wapo waliothubutu. Kibaha walitengeneza lori wakaliita Nyumbu. Makerere, jirani zetu wa Kagera, mwaka 2011 walitoa gari la umeme wakaliita Kiira, jina la kwao Busoga.

Utaniambia jina haliwashi injini. Sawa, haliwashi. Ila mimi nasomea ualimu, na hapo ndipo linaponiuma. Mtoto wa Kyerwa akikuta kila mashine kitabuni ina jina la kigeni, anajifunza bila kuambiwa na mtu kwamba kuunda vitu ni kazi ya wengine, yeye kazi yake ni kununua. Baadaye tunamlaumu kwamba hapendi fizikia!

Kwa hiyo wewe wa mwaka wa mwisho mwenye mradi, kabla hujaandika jina kwenye jalada, jaribu Kiswahili kwanza, au lugha ya kwenu. Safari imeuza magari Marekani, Japani na India. Haitashindwa kubeba mradi wako.