Kuingia Si Kufaa: Chaja za Kasi na Lugha ya Maelekezo

Mjadala kuhusu istilahi za Kiswahili umekuwapo kwa miaka mingi, na aghalabu huishia pale pale: je, tuseme tarakilishi au kompyuta, rununu au simu ya mkononi? Mjadala huo una nafasi yake. Hata hivyo, naona kuwa umetufanya tuamini kwamba lugha hushindwa na sayansi kwa kukosa majina ya vitu. Katika makala haya ninanuia kuonyesha, kwa mfano mmoja ambao huenda ukamshangaza msomaji aliyezoea uhakiki wa riwaya na ushairi, kwamba majina ndiyo sehemu nyepesi ya kazi. Sehemu nzito ni maelekezo: ile sentensi inayomwambia mtu afanye nini, kwa utaratibu gani, na kwa sababu gani.

Mfano wenyewe ni gurudumu la umeme. Hiki ni chombo cha usafiri chenye gurudumu moja, kisicho na usukani wala kiti cha lazima. Mwendeshaji husimama juu ya vikanyagio viwili vilivyo ubavuni, na akiinama mbele chombo huenda mbele. Shane Chen, mvumbuzi wa Marekani, alikiingiza sokoni mwanzoni mwa miaka ya 2010 kwa jina la Solowheel. Siku hizi vingi hutengenezwa Uchina na kampuni kama InMotion, King Song na Begode. (Wapo wanaokiita baiskeli ya gurudumu moja. Mimi siwaungi mkono, maadamu hakina pedeli.) Humu nchini ni chombo adimu, lakini shida yake kuu inawahusu wote wanaotumia betri kubwa za lithiamu, na betri hizo tunazo.

Shida ni chaja ya kasi. Chaja inayouzwa pamoja na chombo huwa ya polepole, kwa hiyo mwenye chombo hununua nyingine yenye nguvu zaidi. Anaipachika, plagi inaingia barabara, naye anaridhika. Kumbe kuingia si kufaa. Plagi ya duara ya chuma, aina ya GX16, hutumiwa na watengenezaji wengi, ilhali volti za betri zao hazifanani. Seli moja ya lithiamu ya aina inayotumika sana katika vyombo hivi hujaa ikifika volti 4.2. Zikiunganishwa seli 16 kwa mfululizo, betri hujaa kwa volti 67.2, seli 20, volti 84, seli 24, volti 100.8, seli 30, volti 126. Sasa mtu akitia chaja ya volti 100.8 katika betri ya volti 84, kila seli itasukumwa kuelekea volti 5.04, na hapo ndipo hatari ya moto inapoanzia. Ni kweli kuwa betri huwa na kidhibiti cha ndani kinachoweza kukata umeme, lakini kidhibiti hicho ni kinga ya mwisho. Isitoshe, plagi mbili zenye idadi sawa ya pini huweza kupishana katika mpangilio wa chanya na hasi, kila mtengenezaji na wake.

Kwa nini mtu mwenye akili timamu adanganyike na plagi? Nadhani jibu limo katika mazoea ya simu. Katika mabweni yetu chaja za simu huazimwa kama chumvi, na hakuna linaloharibika. Chaja ya simu ya kisasa huanza na volti 5, na haipandishi mpaka simu yenyewe iombe. Vifaa hivyo viwili hupatana kwanza. Chaja nyingi za gurudumu la umeme hazina mapatano ya namna hiyo. Hutoa zilichoundiwa kutoa, basi. Neno chaja ni lile lile, umbo la tendo ni lile lile, lakini desturi iliyo salama upande mmoja ni balaa upande wa pili. Hakuna istilahi mpya itakayomwokoa mtu hapa. Anachohitaji ni maelezo.

Tena maelezo hayo yanaweza kutolewa kwa Kiswahili chepesi. Taa ya chaja ikigeuka kijani mara tu baada ya kupachikwa, ilhali betri ina njaa, yamkini chaja ina volti pungufu: chaja ya volti 84 katika betri ya 100.8 haiwezi kuzipeleka seli zaidi ya volti 3.5, hivyo hudhani kazi imekwisha. Taa ikibaki jinsi ilivyokuwa kabla ya kupachika, huenda pini hazigusani, fyuzi imeungua au kidhibiti kimekata. Pima ncha za chaja kwa mita kabla ya kulaumu betri, ukikumbuka kuwa baadhi ya chaja hazitoi volti yoyote hadi zihisi betri. Chaji ikienda mbio kisha ikapunguza mwendo karibu na kujaa, huo si ubovu. Ndivyo betri za lithiamu zinavyojazwa, na kule mwishoni ndiko seli husawazishwa. Plagi ikiwa moto kiasi cha kutoshikika, acha.

Linalonisumbua zaidi ni neno kasi. Tunasema chaja ya kasi kana kwamba kasi ni sifa ya chaja peke yake. Chukua betri ya saa-wati 1,800 na volti 84: kwa ampea 2 itahitaji zaidi ya saa 12, na kwa ampea 8 takriban saa 3 na ushei. Lakini ampea hizo 8 hugawanywa. Betri yenye safu 8 za seli sambamba humpa kila seli ampea 1. Yenye safu 2 humpa kila seli ampea 4. Volti sawa, plagi sawa, chaja ile ile, na bado chombo kimoja kinastahimili huku kingine kikizeeka kabla ya wakati au kupatwa na makubwa zaidi. Kasi, basi, ni uhusiano baina ya chaja na betri, nasi tumeipachika upande mmoja tu.

Wapo watakaosema kuwa haya ni ya mafundi. Sikubaliani nao. Moto wa betri za lithiamu hauchagui taaluma, na huwa mgumu kuuzima. Mnamo 2023 jiji la New York lilianza kutekeleza sheria inayotaka vyombo vidogo vya umeme vinavyouzwa humo viwe vimethibitishwa usalama wake, baada ya mioto iliyoua watu. Hapa Nairobi pikipiki nyingi za umeme hubadilishiwa betri vituoni, jambo linalompunguzia mwendeshaji kazi ya kuchagua chaja. Hata hivyo, wapo wanaochaji nyumbani, na fundi wa mtaani anayeunganisha plagi upya haelekezwi na karatasi yoyote ya Kiswahili. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sioni kwa nini urasmi huo ukomee kwenye hotuba.

Maneno tunayo. Volti, ampea, mkondo, chanya, hasi, mfululizo na sambamba yamo katika fizikia ya Kiswahili tangu zamani. Vitenzi navyo tunavyo, tena vyenye kutofautisha kwa ustadi: kuingia, kutosha, kulingana, kuoana, kufaa. Ninachokiona katika tafsiri za maelekezo ni agizo kama “tumia chaja inayofaa pekee”, ambalo halimwambii mtu kufaa kunajulikanaje. Ningependa wanachama wa chama chetu, hasa wanaofanya tasnifu za tafsiri na isimu tumizi, waanze na kibandiko kimoja cha kubandika ubavuni mwa chombo, kwa mfano:

“Betri hii hujaa kwa volti 84. Soma volti kwenye chaja. Zisipokuwa 84, usipachike, hata kama plagi inaingia. Ampea za chaja zisizidi 5. Chanya na hasi za chaja zilingane na mchoro huu.”

Fundi mmoja niliyemsomea rasimu hiyo aliniambia kuwa “zilingane” haikumtosha, akataka “chanya ikutane na chanya”. Nimeibadilisha.