"Breki Zilifeli" Si Jibu la Kutosha

Kila lori linapopoteza mwelekeo kwenye mteremko, maelezo huwa yale yale: "breki zilifeli." Nimeendesha trela kati ya bandari ya Mombasa na Nairobi kwa miaka mingi, na kwangu maelezo hayo hayatoshi. Tuulize pia dereva alifunzwa nini.

Breki za upepo si kama za gari dogo. Ukikanyaga, upepo husafiri kutoka kwenye tangi hadi magurudumu ya nyuma, na hilo laweza kuchukua kama nusu sekunde. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, lori limeshakwenda mita 11. Dereva mgeni hudhani breki hazishiki, akakandamiza zaidi, mara zikashika zote kwa kishindo: matairi yanakwama, trela linajipinda. Ufundi ni kukanyaga mapema na taratibu, kisha kulegeza mguu kidogo lori likikaribia kusimama.

Mteremkoni, kama ule wa kushuka Mazeras kuja Mombasa, punguza gia kabla hujaanza kushuka ili injini ilizuie lori. Mwendo ukizidi, kanyaga kwa uthabiti hadi upungue kilomita kama 10 kwa saa, kisha achia breki zipoe. Anayezikanyaga mfululizo mteremko mzima huzichemsha hadi zisishike. Anayepampu ovyo humaliza upepo kuliko kompresa inavyojaza. Anayetoa gia ili abane mafuta amejinyima msaada wa injini.

Hapo ndipo matajiri wa malori wanapoingia. Ukimpimia dereva mafuta kwa kibaba, usishangae akishuka bila gia. Na usipofanyia breki matengenezo, hata dereva hodari hataokoa kitu.

Wengi wetu tulianza kama utingo, tukajifunza kwa kutazama. Aliyetufunza naye alijifunza vivyo hivyo. Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu lori lenye ekseli saba kufikia tani 56. Uzito huo haufunzwi kwenye uwanja tambarare. Naishauri NTSA ihakikishe hakuna anayepewa leseni ya daraja la CE kabla ya kushusha trela lenye mzigo mteremkoni, mkufunzi akiwa kando yake.

Mwenye bodaboda na abiria wa matatu walioko mbele ya lori hilo hawana breki nyingine ya kutegemea.