Asiyejiandikia Ataandikiwa

Ndugu wachimbaji, ndugu wa Murara na wa Goma yote,

Wako wanaouliza: vitabu vya wenyeji vinamfaa nini mtu wa sururu? Twajibu kwa mfano.

Mwaka 1965, katika mji wa shaba wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, waliokuwa maboyi wa Wazungu walitoa kijitabu kilichopigwa taipu. André Yav ndiye aliyekiandika, kwa Kiswahili cha mji ule. Kilisimulia habari za mji jinsi walivyoziona wale waliopika na kufua. Mwaka 1990 mtaalamu Johannes Fabian alikichapisha ng'ambo pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Twamshukuru. Lakini je, si aibu maneno ya baba zetu kutunzwa na wageni, nasi tumekaa?

Hapa Goma waandishi hawakukosekana. Pole Institute ilitoa jarida la Regards Croisés, na marehemu Kä Mana, aliyefariki mwaka 2021, alituachia vitabu vingi vya fikra nzito. Twavisifu. Ila vimeandikwa kwa Kifaransa, na mchimbaji wa Rubaya vinampita.

Katiba ya mwaka 2006 yakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Basi wachapishaji wetu na watupe vitabu kwa Kiswahili. Nasi tuchange: watu kumi, kitabu kimoja, mmoja asome kwa sauti na wengine wabishane.

Bendera tuliipata mwaka 1960. Kalamu bado. Ndugu, asiyejiandikia ataandikiwa!