Mwarobaini, Asidi na Asilimia Zinazopendeza Macho

Haya, leo sina habari za PHP wala Java. Rafiki yangu mkemia alinirushia lundo la makala za utafiti kuhusu majani yanayozuia asidi isile chuma. Nimezisoma kwa jicho la mtu wa programu, na nina neno.

Kwanza, chuma kinatafuta nini kwenye asidi? Kabla ya kupakwa zinki, huchovywa katika asidi ya hidrokloriki ili kutoa kutu na magamba. Asidi ikimaliza magamba hugeukia chuma chenyewe, kwa hiyo viwanda huongeza dawa ya kuizuia. Baadhi ya dawa hizo ni sumu kali, na anayesimama kando ya tangi ni kibarua, si mkemia.

Hapo ndipo mwarobaini unapoingia. Molekuli za mimea zenye naitrojeni au oksijeni hunata juu ya chuma na kufanya utando mwembamba. Hilo silibishi, limepimwa mara nyingi, hasa India na Nigeria. Ninachobisha ni zile asilimia.

Hupatikana hivi: chukua uzito ambao chuma kimepoteza bila dawa, toa uliopotea pamoja na dawa, gawanya kwa ule wa kwanza, zidisha kwa 100. Sasa 90 na 95 zinaonekana majirani. Lakini 90 inabakiza hasara ya sehemu 10, 95 inabakiza 5. Yaani nusu! Na katika makala kadhaa nilizosoma, uzito wenyewe haumo. Kuna grafu tu, ya kipande kidogo cha chuma kilichokaa saa chache katika asidi safi. Sisi watu wa programu tuna utani wetu: "Kwangu inafanya kazi."

Majani ya masika na ya kiangazi si mamoja, na maji ya majani huoza. Kwa maoni yangu tuache kusaka mti mpya kila mwaka. Kenya tuna muwati, ambao magome yake yalikamuliwa tanini ya kutengenezea ngozi huko Eldoret tangu enzi za ukoloni. Tanini hiyo hukaushwa ikawa unga na kiwango chake hupimika. Tuanze nayo, kwenye tangi lililokwisha kuchafuka kwa chuma, wiki nzima, na jedwali lote liwekwe wazi.

Ukiwa na jedwali la namna hiyo, hata la Excel, nitumie. Programu ya kulichambua nitaandika mwenyewe, bure.