Mapumuziko Nayo Yahesabiwe



Mwezi huu tunajibu baba mumoja, mufanyakazi wa miaka mingi ku mugodi. Anatuandikia kwamba mwana wake anaishi ku Louisville, katika jimbo la Kentucky, Marekani, pamoja na bibi yake na watoto watatu. Mwana amemwambia kwa simu kama wakati wa vakansi watakwenda siku mbili ku paki moja pembeni ya ziwa, na watalala kule katika nyumba ya Leta. Juma lile lile baba alikuwa amemuomba feza ya minervali ya mudogo wake wa sekondari. Mwana akajibu: “Baba, ngoja kidogo.” Sasa baba anauliza: Je, ni vizuri mutu aende kutembea ku ziwa wakati mudogo wake anafukuzwa ku masomo?

Ulizo hili si la jamaa moja tu. Wakongo wengi wanaishi leo Kentucky, ku Louisville, Lexington, Bowling Green na Owensboro. Wengi walitoka Kivu juu ya vita, wakapita katika kampi za wakimbizi. Wengine walitoka huku kwetu kwa njia zingine. Kwa hiyo, mbele ya kuhukumu, tujue kwanza mahali pale ni nini, na safari ya namna ile inapangwa namna gani.

PAKI HII NI NINI?

Kentucky ni moja ya majimbo 50 ya Marekani. Serikali ya jimbo ina paki 17 zenye hoteli. Nyingi ziko pembeni ya ziwa, na mara nyingi kuna pia nyumba ndogo za kukodi na kiwanja cha kupiga hema. Si mali ya tajiri mumoja, ni mali ya jimbo. Kuingia hakulipwi. Mutu anaweza kufika asubui na chakula chake, akae chini ya miti, watoto wacheze, na jioni arudi kwake bila kutoa hata franga moja ya mulango. Mwenye kulala ndiye analipa. Wasomaji, mushike neno hili, tutalihitaji chini.

Tuchukue paki moja yenye kuitwa Kentucky Dam Village, karibu na Gilbertsville. Sisi watu wa migodi tutaielewa upesi. Ziwa lake halikuumbwa pale tangu zamani. Ni maji ya muto Tennessee yaliyofungwa na baraji, kama vile maji ya Lufira yalivyofungwa ku Mwadingusha, mahali umeme ulianza kutoka mwaka wa 1930. Kazi ya baraji la Kentucky ilianza mwaka wa 1938, na maji yakafungwa mwaka wa 1944. Ukuta wake unapita kilometa 2 na nusu, na ziwa linaenda karibu kilometa 300 kuelekea kusini. Wafanyakazi walijengewa kampi pale pale. Kazi ilipokwisha, kampi haikuachwa ianguke. Ilitolewa kwa jimbo, ikageuzwa kuwa paki, na jina la kijiji likabaki. Ni sisi, watoto wa kampi, tunaojua kampi inakuwa namna gani kazi ikisimama!

Lakini upande mwingine nao usemwe. Juu ya maji yale, jamaa zaidi ya 2,600 zilihamishwa, na muji mudogo wa Birmingham ukazama. Vijana, mukiona ziwa nzuri la baraji, muulize pia nani alilima chini yake.

Na paki hizi si za michezo tu. Usiku wa tarehe 10 Desemba 2021 kimbunga kiliharibu vibaya muji wa Mayfield, si mbali na ziwa hili. Kentucky Dam Village na paki zingine za jimbo zilifungua vyumba kwa watu waliokosa nyumba. Mwaka wa 2022, mwezi wa saba, maji yalifurika upande wa mashariki, inchi ya makala ya mawe, na paki ya Jenny Wiley, nayo pembeni ya ziwa, ikafanya vile vile. Kwa hiyo, baba mupendwa, usisikie “hoteli ku ziwa” ukafikiri mara moja anasa ya wakubwa.

NAMNA YA KUPANGA

Jamaa za huku ziwasomee ndugu zao wa kule maneno haya, maana mengi yanaharibika kwa kukosa kuyajua mbele.

Siku. Wakati wa vakansi, mwezi wa sita na wa saba, watu wanajaa, na bei inapanda. Siku za katikati ya juma kwa kawaida ni rahisi kuliko Ijumaa na Jumamosi, tena zinaacha siku ya Mungu kwa ibada na kanisa lao. Lakini mwenye kazi ya zamu lazima aombe konji mapema, bibi na bwana pamoja. Wengi wanalipia nyumba, kisha mukubwa wa kazi anakataa, na feza inapotea. Waanze na konji, kisha walipie. Na mbele ya kutoa kadi ya benki, wasome vizuri: ukibadili siku, wanarudisha ngapi?

Kulala. Chumba cha hoteli ni cha kulala tu. Nyumba ndogo ina jiko, na ya vyumba viwili inaweza kugawanywa na jamaa mbili, mradi hesabu ya watu isipite ile iliyoandikwa. Wasidanganye hesabu ya watoto. Hema ni rahisi zaidi kwa mwenye kuwa nayo. Kwa nyumba ndogo ya wakati wa vakansi, watu wanaandikisha miezi mbele.

Chakula. Hapa ndipo franga inatoka bila kuonekana. Jamaa ya watu watano yenye kula ku restora mara tatu kwa siku itashangaa jioni. Mwenye jiko aende na unga wake, sombe yake, mafuta yake, asonge bukari pale pale.

Njia. Kutoka Louisville mpaka paki ni karibu kilometa 320, kama kutoka Lubumbashi mpaka Kolwezi, muda wa saa tatu na zaidi kwa motokari. Tena saa inabadilika njiani! Ku Louisville ikiwa saa kumi, ku Gilbertsville ni saa tisa, kama vile Lubumbashi na Kinshasa. Kwenda, mutu anapata saa moja, kurudi, anaipoteza. Mwenye kuingia kazi usiku ule ule asisahau.

Maji. Hapa nasema kwa nguvu, kwa wa kule na kwa wa huku. Maji ya baraji si kisima cha nyumbani. Yanaonekana kimya, lakini chini ya ukuta yanaweza kuruka gafula wakati mashine au milango inafunguliwa. Watoto wasikaribie kule. Sheria ya Kentucky inaagiza mutoto asiyefika miaka 12 avae koti la kuelea kama yuko inje katika mashua yenye kutembea. Mimi nasema: hata mukubwa asiyejua kuogelea avae. Na watoto wakiwa majini, mutu mumoja achaguliwe kwa jina, kazi yake paka kuwaangalia, simu ikae mufukoni. Tukisema “sisi wote tunaangalia”, hakuna mwenye kuangalia.

Samaki. Kambale wako, na samaki wengine wazuri. Lakini kuanzia miaka 16 mutu anahitaji karatasi ya ruhusa ya kuvua, hata kama ni ndoano moja tu. Jumamosi na siku ya Mungu ya kwanza ya mwezi wa sita, jimbo linaruhusu watu kuvua bila karatasi ile.

NA MINERVALI?

Sasa tufike ku ulizo lenyewe. Baba, mwana wako hakukosa kwa kutaka kupumuzika. Fikiri maisha yao. Wengi wanafanya kazi ya usiku katika depo. Bwana akirudi, bibi anatoka. Watoto wanamuona baba akilala. Wanakutana wote ku meza mara ngapi kwa mwezi? Wewe ulifanya kazi ya zamu, unajua nyumba inavyokuwa. Siku mbili za kukaa pamoja zinaweza kushika ndoa na watoto, na mwana mwenye nyumba iliyovunjika hatamusaidia mudogo wake miaka mingi.

Lakini mwana naye alikosa pahali pamoja: “Ngoja kidogo” si jibu. Mudogo hawezi kumwambia prefe wa masomo “ngoja kidogo.” Jibu la mutu mukubwa lina tarehe na hesabu: “Baba, nitatuma nusu tarehe 25 ya mwezi wa nane, na nusu mwezi wa kumi na mbili.” Hapo mugeni wa ziwa na mwanafunzi hawagombani tena.

Njia ni bahasha mbili. Ya kwanza ni ya minervali, ya pili ni ya mapumuziko, na hakuna moja yenye kula ndani ya ingine. Tuseme kwa mufano: wakiweka dola 25 kila mwezi ndani ya bahasha ya pili, tangu mwezi wa kumi mpaka wa tano, ni miezi 8, ni dola 200. Mwezi wa sita hakuna mwenye kukopa, hakuna mwenye kuficha.

Na kama franga haitoshi kwa yote mawili? Basi wapunguze usiku, wasipunguze minervali. Mukumbuke, mulango haulipwi. Waende asubui na mapema ku paki yenye kuwa karibu zaidi nao, na bukari yao ndani ya sahani, warudi jioni. Ziwa ni lile lile. Watoto hawatakumbuka kitanda, watakumbuka kama baba alikaa nao muchana muzima.

Wewe nawe, baba, usingoje siku mutoto amefukuzwa ndipo unapiga simu. Mwezi wa tano tayari andika: watoto wangapi, darasa gani, feza ngapi, tarehe gani. Kisha uliza: “Na ninyi mutapumuzika lini?” Ulizo lile litamushangaza mwana, na litafungua kinywa chake. Wengi wa kule wanaficha furaha yao juu ya kuogopa kelele zetu, nasi tunaficha shida yetu mpaka inawaka moto. Pande zote mbili zinaumia paka kwa kukosa kusema mapema.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Ndani ya hesabu ya nyumba yetu, bahasha ya mapumuziko iko, ao tunangoja franga ibaki?

2. Ndugu wa inje, tunamupigia simu kwa kumusalimia pia, ao kwa kuomba tu?

3. Vijana wakienda ku ziwa ao ku muto, nani amechaguliwa kwa jina kuwaangalia?